Mandhari Bila Kibali

Usikunje uso. Ulikuwepo. Ulikaa upande wa bega la kushoto, chini ya ile feni iliyokwama, na wakati unalamba midomo ili ing'ae kwenye simu, mwanamke mmoja nyuma yako alikuwa anaita nyumba ya mama yako kwa jina. Hukugeuka. Utasema spika zilikuwa kubwa. Utasema mbona na wenzako hawakugeuka. Hewala. Ndivyo ilivyo Jamhuri ya Ng'aring'ari: hakuna mwenye kosa, kwa kuwa kila mmoja ana jirani ambaye naye hakugeuka. Basi kaa kitako, upewe habari za kitu ulichokipa mgongo.

*

Ng'aring'ari ni nchi ya baraka. Umeme ukikatika, maji nayo huondoka ili usijisikie mpweke. Lakini mastaa hawajawahi kukatika hata siku moja. Serikali ililiona hilo mapema, ikaunda Wizara ya Umaarufu na Mandhari, ikaipa jengo lililokuwa hospitali ya macho, kwa hoja kwamba wananchi wanaona vya kutosha.

Umaarufu kule haupatikani kwa kujua kitu. Watu wa zamani walidhani hivyo, wakamaliza ujana wao wakijifunza kupiga udi na kutunga mashairi, wakafa wanajulikana na wake zao tu. Siku hizi umaarufu ni kama mafua: unaupata kwa kukaa karibu na aliye nao. Kwa hiyo raia wa Ng'aring'ari, kuanzia muuza mkaa mpaka hakimu, haendi ukumbini kumsikiliza msanii. Anakwenda kujipiga selfi, msanii aonekane nyuma yake. Na ili msanii awe nyuma yako, shurti umpe mgongo.

Mwanzoni walinzi wa Ukumbi wa Fahari ya Taifa walikuwa wanakemea. "We mama, geuka! Onyesho liko huku!" Wakawa wanachukiwa bure, mpaka siku Mheshimiwa Kibwana Makeke, waziri mwenye wizara yake, alipofika amechelewa, kama impasavyo kiongozi anayejiheshimu. Aliingia kwa mlango mkubwa ulio mkabala na jukwaa. Lo! Akakuta umati mzima umeelekea mlangoni, mikono juu, meno nje, unatabasamu.

Mheshimiwa alijua moja kwa moja kwamba wamegeuka kumpokea yeye.

Alitokwa na machozi mbele ya walinzi wake. Akapita katikati ya watu, akapanda jukwaani, akampokonya mwimbaji kipaza sauti neno likiwa bado mdomoni.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kwa miaka mingi serikali yenu ikiingia mlangoni ilikuwa inaona visogo. Visogo, ndugu zangu! Kisogo hakina shukrani. Kisogo hakina uzalendo. Leo nimeingia, nimeona nyuso! Kuanzia sasa, naagiza, ukumbi huu ubaki hivi hivi, na asionekane mtu hapa amenipa kisogo!"

Nani angemwambia? Katibu alipiga makofi, wakurugenzi wakapiga kwa nguvu kuliko katibu, na wiki haikuisha mafundi wakaingia na spana, wakafungua viti vyote, wakavigeuza, wakavikaza kwenye saruji vikiwa vimeutazama mlango. Tangu siku hiyo Ng'aring'ari ndiyo nchi pekee ambayo wasikilizaji wake wanakaa kama abiria waliokosea upande. Zikaja na daraja za viti. Wakubwa wanakaa bega la kulia, maana picha ikipigwa msanii anatokea juu ya bega la kulia, ndiko uso unakopendeza. Watu wa kawaida, bega la kushoto. Wanafunzi wanakaa kwapani.

*

Sasa habari hii yote ilikuwa inamfikia Bi Somoe binti Mfaume kwa masikio tu, kwa sababu yeye kazi yake ilikuwa nyuma ya pazia.

Bi Somoe alikuwa sauti. Ndivyo kilivyosema kitambulisho chake cha kazini: jina, picha, na chini yake, "Sauti". Mwili alikuwa mwingine, Malkia Mng'aro, nyota wa taifa, ambaye uso wake ulibandikwa kwenye sabuni, kwenye unga wa sembe na kwenye magari ya zimamoto. Malkia alisimama mbele amefumba mdomo, anatabasamu; Bi Somoe alikaa nyuma kwenye kigoda, chupa ya chai ya tangawizi miguuni, anaimba.

Wala usidhani Malkia hakuwa na sauti. Kabla ya kuwa Malkia alikuwa Sikujua, binti wa jirani, na Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuimba akiwa na ndoo ya maji kichwani, maana shingo ikilegea, sauti humwagika. Binti aliimba mpaka mbwa wa mtaa wakakaa kimya. Ila alipopandishwa cheo, wataalamu wa Wizara walimkalisha wakampima, wakaandika kwamba kinywa cha msanii kikiachama kinaharibu picha za wananchi waliokaa mbele. Kuimba kukapigwa marufuku kwa waimbaji wote wa daraja la kwanza.

"Shangazi," Sikujua alisema siku moja, amevua viatu anajikanda vidole, "leo nina hamu na ubeti mmoja tu. Koo linaniwasha."

"Imba, mwanangu. Nani kakufunga?"

"Mkataba."

"Mkataba una masikio?"

"Hauna. Una meno."

Wakacheka, halafu Sikujua akavaa tena vile viatu, akaenda kutabasamu.

*

Ukumbi wa Fahari, kwa asiyejua, haukushuka kutoka mbinguni. Hapo palikuwa na mtaa ukiitwa Chokaa. Wanawake wa Chokaa walikuwa na desturi moja. Harusi ikifika ukingoni, mwimbaji mkuu alianza kuita nyumba. Anaita kwa jina la mama mwenye nyumba na alama ya mlango wake: "Nyumba ya Bi Mwatenga, mlango wa samli!" Nyumba ile inajibu kwa kigelegele, ngoma inaendelea. Nyumba isipojibu, ngoma inanyamaza papo hapo, na watu wanakwenda kubisha hodi waone kumeingia nini. Kwa hiyo pale Chokaa hukuweza kuumwa kwa siri, wala kulala na njaa kwa siri, wala hata kununa kwa siri. Tabu kweli kweli, mtaa ule. Ndipo serikali ikauonea huruma ikauvunja.

Wakazi waliambiwa watawanyike kwa muda, halafu watarudishwa kama wageni waalikwa. Wako watu bado wanasubiri kadi ya mwaliko.

Bi Somoe hakusubiri. Aliomba kazi kwenye ukumbi uliojengwa juu ya jiko lake, akatunga wimbo. Beti mbili za kwanza zilisifu uzuri wa Malkia, ili Wizara isishtuke. Ubeti wa tatu uliita nyumba za Chokaa, moja baada ya nyingine, hakuacha hata ya yule mama aliyekuwa anamwagia maji machafu mlangoni.

Bwana Chiponda, Katibu wa Mandhari, kijana wa tai fupi na maneno marefu, alimwita ofisini.

"Bibi, wimbo wako ni mzuri, unatekelezeka. Lakini ubeti wa tatu tumeuondoa. Una msongamano wa watu. Wanagombania umaarufu na Malkia."

"Hawagombanii kitu, baba. Wanaitwa tu majumbani kwao."

"Majumbani wapi?"

"Chokaa."

"Chokaa!" Bwana Chiponda alifungua ramani, akaweka kidole. "Kwenye ramani ya Wizara hapa palikuwa na nyasi."

"Basi, mwanangu, mimi nilizaa wanangu nyasini kama sungura, na nyasi ikawa na mlango na jina la mume wangu juu yake."

"Hayo ni maoni binafsi." Akaikunja ramani. "Na usihangaike. Kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa ukumbi Mheshimiwa atazindua jiwe. Limeshachongwa. Limeandikwa: HAPA HAPAKUWA NA MTU."

Bi Somoe aliinuka akatoka. Alikuwa anaijua Sheria ya Historia, maana ilipitishwa redioni akiwa anachambua mchele. Jambo likitangazwa hadharani, na asitokee wa kulipinga kwa sauti, siku hiyo hiyo, mahali hapo hapo, linakuwa historia. Watoto wa Chokaa wangeamka kesho yake wakiwa wametoka hewani. Na nyumba ambayo haijawahi kuwepo, hata ikikaa kimya namna gani, hakuna atakayekwenda kuibishia hodi.

*

Sherehe ilifanyika alasiri, jua kali, ukumbi umejaa pomoni. Mheshimiwa Makeke alikaa bega la kulia kabisa. Ala zilikuwa zinatoka kwenye mashine, kwa sababu wapiga ala walikuwa na sura za kawaida mno. Jiwe lilikuwa mlangoni, limefunikwa kitambaa cha dhahabu, na kwa kuwa viti vyote vilitazama mlango, watu walikuwa wanalitazama jiwe huku wamelipa jukwaa mgongo. Katika nchi nyingine hiyo ingeitwa bahati mbaya. Kule waliita mpangilio.

Mheshimiwa akasoma hotuba akiwa amekaa, uso kwenye simu yake mwenyewe. "Hapa," alisema, "tulikuta upepo na nyasi. Sisi ndio tuliouletea upepo huo watu wa kuwapuliza." Makofi. Kitambaa kikavutwa. Muziki ukaanza.

Nyuma ya pazia, Sikujua alikuwa amekaa sakafuni na gauni lake zima la shanga, hasimami.

"Shangazi, mimi leo siendi. Miguu imekataa. Nani anatazama, kwani?"

Bi Somoe alimwangalia. Halafu akakiangalia kipaza sauti. Halafu akafunga kanga vizuri kiunoni, akavuta pazia kwa mkono, akatoka.

Mwanga wa taa ulimpiga machoni. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele, akategemea kusikia mtu akipiga ukelele. Wapi! Aliona visogo. Visogo vilivyonyolewa, visogo vyenye mawigi, kisogo kinene cha Mheshimiwa chenye mikunjo kama chapati. Na juu ya visogo, simu zimenyanyuliwa, na ndani ya kila simu, uso wa mwenye simu ukicheka, na juu ya bega, mwanamke mtu mzima mwenye kanga na ndala za plastiki. Hakuna aliyeona. Kila mtu alikuwa na kazi ya kujitazama.

Akaimba ubeti wa kwanza. Akaimba wa pili. Halafu akavuta pumzi kutoka kwenye nyayo.

"Nyumba ya Bi Mwatenga, mlango wa samli!"

Akanyamaza, kama desturi inavyotaka. Mashine ya muziki ikaendelea peke yake. Hakuna aliyejibu.

"Nyumba ya Bi Sharifa wa vitumbua, mlango wa kamba!"

Kimya. Mtu mmoja bega la kushoto alisema, "Inamisha kidevu, inamisha kidevu."

"Nyumba ya Mama Kwangaya, mlango wenye kovu la shoka!"

Sasa huyu mtoto wa Mama Kwangaya alikuwemo ukumbini. Alikuwa Mzee Kwangaya siku hizi, mjumbe wa kamati tatu za umaarufu, amekaa safu ya wakubwa, na kovu lile la shoka mlangoni alilitia yeye mwenyewe utotoni, akachapwa mtaa mzima ukishuhudia. Bi Somoe aliona bega lake likishtuka. Akasubiri. Nyumba nyingine zote alizisubiri kidogo. Hii aliisubiri mpaka mate yakamkauka. Shingo ya mzee ilianza kuzunguka, polepole, kama mlango wenye kutu. Kisha mzee akaona kwamba kwenye pembe ile mwanga ulikuwa unamkaa vizuri, akapiga picha.

Bi Somoe hakuacha. Aliita nyumba zote za Chokaa, mpaka ya mwisho, iliyokuwa yake. Watu wakapiga makofi kwa kuwa muziki ulikuwa umekwisha.

*

Siri ilitoboka mezani kwa Mheshimiwa, wakati wa chakula, mkewe alipokuwa anaangalia video.

"Baba watoto, umependeza. Na huyu mama nyuma yako, aliyeachama kama anadai kuku wake, ni nani?"

Kijiko kilimwanguka Mheshimiwa. Yule mama alikuwemo kwenye kila simu ya nchi. Alikuwemo nyuma ya mabalozi, nyuma ya maaskofu na mashehe, nyuma ya mkuu wa polisi aliyekuwa ameng'ata midomo ili mashavu yaingie ndani. Tangazo likasomwa redioni: kila raia afute picha na video za siku ile kabla ya jua kuzama.

Jua lilizama na hakuna aliyefuta hata moja.

"Nifute?" alisema mkuu wa polisi kwenye kikao cha dharura. "Mheshimiwa, mimi nimepigwa picha miaka yote nikiwa kama gunia. Siku ile tu ndiyo nimetoka mtu."

"Mimi nimeshaiweka kwenye kalenda," alisema Bwana Chiponda, kwa sauti ndogo.

Mheshimiwa alifungua ya kwake, akanyanyua kidole kuifuta. Akakitazama kidevu chake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie serikalini kilikuwa kimoja. Akakishusha kidole.

"Tusiwe na jazba," akasema. "Tumkamate bibi."

*

Alishitakiwa kwa kuwa mandhari bila kibali.

"Mshitakiwa," alisema Hakimu Ngwali, amejaa ndani ya joho, "unakiri kwamba ulikuwa mandhari?"

"Mheshimiwa, mimi si mandhari. Mimi ni Somoe binti Mfaume, wa Chokaa."

"Chokaa haikuwahi kuwepo."

"Hilo ndilo nililolipinga. Kwa sauti, siku ile ile, mahali pale pale. Sheria inasema hivyo hivyo."

Mahakama ikanong'ona. Hakimu akavua miwani, akaivaa, akamnong'oneza karani, maana kwa bahati mbaya sheria ilikuwa inasema hivyo hivyo.

"Sawa," akasema mwisho. "Lakini pingamizi ni lile lililosikika. Lisilosikika ni kelele. Akipatikana mtu mmoja aliyesikia, jiwe ling'olewe na bibi aende zake. Asipopatikana, jiwe linabaki, na bibi atakwenda jela kwa kupiga kelele ndani ya fahari ya taifa. Nani alisikia?"

Wakaitwa mashahidi. Mlinzi wa ukumbi alisema alikuwa anajipiga selfi. Fundi wa taa alisema alikuwa anampiga mlinzi. Akaitwa Mzee Kwangaya, akapanda kizimbani anajifuta jasho.

"Mzee, ulisikia?"

"Mimi nilisikia..." Akamtazama Bi Somoe. Bi Somoe naye akamtazama, si kwa hasira, kama mtu anayengoja nyumba ijibu. Mzee akamgeukia hakimu. "Nilisikia raha tu, Mheshimiwa."

"Kwangaya," alisema Bi Somoe taratibu, "mama yako angekuongeza bakora."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, na Malkia Mng'aro akaingia amevaa kanga tupu, hana shanga wala viatu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kizimbani, akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Mimi nilisikia!" alisema, na kinywa chake kikaachama kama kilivyokuwa kinaachama zamani, ndoo kichwani. "Nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia ubeti wote! Nyumba ya Bi Mwatenga! Nyumba ya Bi Sharifa! Na nyumba ya mama yangu, mlango wa bluu! Zote zimeitwa! Zilikuwepo zote!"

Alitamka kila neno. Hakubakisha. Ila alipomaliza akaona migongo.

Mahakama nzima ilikuwa imegeuka, simu juu. Polisi wamegeuka. Mwendesha mashtaka amegeuka, amekunja shavu. Karani amegeuka. Hakimu Ngwali naye alikuwa amesimama, amempa shahidi kisogo, mkono umenyooka, anasema, "Malkia, hebu sogea kidogo upande wa bega langu la kulia. Hapo hapo. Usitikisike."

Karani alirudi kwenye kiti chake akaandika: *Shahidi alifika, akapendeza.*

"Umeuvunja mkataba, mwanangu," alisema Bi Somoe kutoka upande wa pili wa kizimba.

"Nimeuvunja, shangazi. Na hakuna aliyesikia ukivunjika."

"Mimi nimesikia. Shingo yako bado iko imara."

Hakimu alimkataa Malkia kwa sababu ushahidi wake haukusikika, akaahirisha kesi mpaka Jumatatu asubuhi, nafasi ya mwisho. Bi Somoe akapandishwa kwenye gari la mahabusu. Ubavuni mwa gari palikuwa na tangazo la sabuni.

*

Sasa wewe. Video yako unayo. Hukuifuta, tunajuana. Ifungue. Utajiona umependeza, hakuna anayebisha. Weka kidole gumba juu ya uso wako, ukandamize hapo hapo, usiondoe hata ukiwashwa. Atabaki yeye peke yake kwenye kioo. Msikilize mpaka aifikie nyumba yenu, uone anavyosubiri. Uisikie ile nafasi aliyokuachia.

Halafu Jumatatu uende. Usimtume mtu, usiulize nani mwingine anakwenda. Simu iache nyumbani. Simama mbele ya Hakimu Ngwali kabla hajaketi, na akikuuliza ulisikia nini, mtajie nyumba moja moja, na milango yake. Na akianza kugeuka, mkamate joho, usiachie.